Mti wa Tano

Mifuko saba ya khaki, kila mmoja kamba ya ukindu shingoni
na namba iliyoandikwa kwa mkaa.
Majina ya miti sitayataja, ndivyo tulivyokubaliana
mimi na Bi Mize binti Shaame wa Kiuyu,
asiyetaka kuitwa mganga:
"Miye nachimba mizizi. Kuponya anaponya Mungu."

Fomu ya ridhaa aliisoma yote, kurasa nne,
miwani imefungwa uzi sikioni,
kidole kikitembea chini ya kila neno.
Kabla ya sahihi akauliza moja tu:
"Na mti ukishindwa, mtaandika pia?"
Nikasema tutaandika.
Akanitazama kama mtu anayeonja samli ya mwenziwe.

Chake, maabara. Tukakausha, tukasaga,
tukaloweka kwa maji, tukaloweka kwa spiriti,
tukachuja hata wa pili ukabaki rangi ya chai kavu
na wa tano harufu ya mvua juu ya vumbi.
Sahani ina visima tisini na sita, kila kisima tone la damu,
na ndani ya damu wale wageni wasiobisha hodi.
Chini ya darubini ni pete,
pete nyembamba za zambarau, kito kimoja kimoja,
ungedhani wamekuja kuposa.
Saa arobaini na nane.
Umeme ukikatika Kombo hulikimbilia jenereta
na kandambili mguu mmoja.

Wa kwanza: pete zimepungua, si haba.
Wa pili, nusu.
Wa tatu uliziua pete, ukaua na chembe za mwili pamoja nazo,
moto wa kufukuzia panya ulioondoka na nyumba.
Wa nne, wa sita, wa saba, kidogo kidogo,
kiasi cha kuandikia ripoti.
Wa tano, hakuna.
Nikarudia. Hakuna.
Nikarudia Ijumaa, peke yangu, bila kumwambia mtu.
Pete zimejaa kama kabati la sonara.

Nilipanda gari la asubuhi kwenda kusema.
Mjukuu wake amelala ukumbini, anatoka jasho;
juu ya kinu, pakiti ya dawa mseto kutoka kituoni,
vidonge viwili vishatolewa.
Aliona nilipotazama.
"Ndiyo. Mtoto wa mtu si sahani."

Nikaanza mbali, kama tunavyoanza habari ya msiba,
mvua, mihogo, njia mbovu.
"Sema, mwanangu. Wa tano haukufanya kitu?"

Akaingia ndani, akatoka na bati la biskuti,
ndani ya bati daftari, herufi za Kiarabu, maneno ya Kipemba,
miaka thalathini na mmoja:
jina, mti, siku ya homa, siku ya kuamka.
Aliyepona, wino wa buluu.
Asiyepona, mwekundu.
Akafunua ukurasa wa mti ule.
Buluu, buluu, nyekundu. Buluu. Nyekundu, nyekundu, nyekundu.
Kisha karatasi tupu.
"Tangu hapo sijauchimba. Nimeuchimba kwa ajili yako."
"Kwa nini?"
"Weye ulikuja kuipima miti yangu.
Miye maabara yako niipime kwa nini?"

Nilitaka kucheka. Nikaisoma nyekundu ya mwisho:
*mtoto wa Faki wa Bopwe, miaka mitatu, siku ya nne.*

Mimi nilikuwa na sita.
Nakumbuka bakuli la bluu lililopasuka ukingo,
na uchungu niliouramba kidoleni kwa siri,
nikidhani ni kitu kitamu anachopewa yeye tu.

Sikusema. Halafu nikakumbuka ile fomu,
ukurasa wa kwanza, juu kabisa,
jina langu, jina la baba, mji wa baba,
na kidole chake kilivyosimama pale
kitambo, kabla ya kuendelea.

Akalifunga daftari, akalirudisha batini.
Mtoto akaomba maji, akanywa, akaomba tena.
"Jumatano njoo na jembe," akasema,
"langu limevunjika mpini.
Kuna wa nane."