Tiketi Namba Kumi na Nane

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana,
viti vinashushwa kwenye mkokoteni wa Msechu:
vya plastiki, vya bluu, vilevile vya misibani,
vimepakwa herufi mgongoni visije vikaibwa.
Navipangusa kimoja kimoja kwa kanga kuukuu.
Kiti hakijui kama leo ni kilio au muziki.

Hapa Pasua, kituo chetu cha wazee
kilikuwa ghala la mahindi. Mvua ikinyesha
kuta bado zinatoa harufu ya magunia.
Wapigaji ni vijana sita wa tarumbeta na mmoja wa kinanda;
kanisani wanampigia Mungu, mjini wanawapigia maharusi,
kwetu wanapiga kwa chai na maandazi manne kila kichwa.
Nani kasema bure?
Maandazi nakaanga mimi.

Getini tumeandika: HAKUNA KIINGILIO.
Mzee Eliapenda anasoma, anavua miwani,
anaifuta kwa shati, anasoma tena, kisha ananigeukia:
"Kiingilio shilingi ngapi?"
Miaka thelathini na mmoja alipima kahawa ya watu
kwenye mizani ya ushirika kule Uru;
kitu kisicho na risiti, kwake, hakijatokea.
Anaweka mia mbili mezani,
sarafu ina joto la kiganja, imeshikwa tangu nyumbani,
na mlangoni habanduki.

Ndiyo nikachana karatasi ya daftari.
Nikaandika: 17. Sijui kwa nini kumi na saba,
mkono uliamua.
Wengine wakaona, nao wakadai.
Sasa kila mtu ana namba yake, haibadiliki:
Bi Nakijwa kumi na tisa,
na katikati yao, kumi na nane, Bi Ndeonansia,
ambaye sikio la kushoto lilikufa zamani
na la kulia lilikuwa njiani,
akaomba akae karibu na lile tarumbeta kubwa la besi
asikie kwa mbavu.
Alicheza mabega tu. Miguu, alisema,
ameiazima kwa jirani na jirani anaitaka.

Leo Mzee Eliapenda kapokea tiketi yake,
kachungulia ya Nakijwa,
kanyamaza kama mtu aliyekuta gunia pungufu.
"Kumi na saba. Kumi na tisa.
Kumi na nane iko wapi?"

Alikuwepo Kibosho, majuma mawili yaliyopita.
Alishika koleo. Alitupa udongo, akapangusa mikono,
akala ndizi pamoja nasi.
Yote hayo yamemtoka.
Hesabu haijamtoka.

Nikasema, "Ipo. Mwenyewe hajafika."
Mafuta ya maandazi yananukia nyuma yangu,
sikuwa na uongo mwingine karibu.

"Basi kiti chake kisikaliwe," akasema,
akavua kofia, akaiweka pale.

Wimbo wa tatu umeme ukakatika.
Kinanda kikafa katikati ya neno,
feni ikazunguka kwa mazoea kisha ikaacha,
lakini tarumbeta haina habari na umeme.
Kijana wa besi akajaza mashavu,
akashusha sauti ile ya chini kabisa
inayofika kwenye sakafu kabla ya kufika masikioni.

Na kile kiti kitupu kikaanza kutetemeka.
Plastiki nyepesi, haina wa kuituliza.
Kofia ikasogea kidogo kulia,
kidogo kushoto,
kidogo kulia.

Mzee Eliapenda akaitazama
wala hakuishika.

Jioni nikihesabu kopo la majani ya chai
nikakuta mia mbili imezidi.
Nikamuuliza getini. "Ya jirani," akasema,
"asije akadaiwa."
Daftari liko wazi mbele yangu, kalamu ninayo.
Sijui niiandike wapi.