Unga Chini ya Mkunazi

Kadhi wa Suri aligawa kila kitu:
mitende saba ya Biladi kwa ami Marhuni na nduguze,
vikuku vya fedha kwa shangazi Shinuna,
na kwangu mjukuu, kwa wasia, cherehani.
Hakuuliza pepo anakwenda kwa nani.
Hakuwa na fungu katika karatasi,
si sudusi, si thumuni.

Maana bibi Mabruka alikuwa kiti.
Sisemi kiti cha kukalia wageni.
Kiti: mwenye kukaliwa.

Alhamisi baada ya isha
shangazi alifunga madirisha jirani wasisikie,
akazima kiyoyozi, akatia ubani chetezoni,
na yule mgeni akampanda bibi kichwani
akisema lugha ambayo Ayja nzima hakuna aliyeijua.
Ami zangu, wanaume wa sharubu,
walirudi nyuma hadi ukutani.
Kisha wakamtafsiri wapendavyo:
anataka beberu mweusi. Anataka pete.
Anataka marashi ya Jabali Akhdhari, chupa isiyofunguliwa.
Tukampa. Hakushiba.
Asubuhi bibi aliamka nyayo zimevimba
kama aliyetembea miezi.

Mimi nilimrekodi, simu chini ya mto.
Dakika nne na sekunde kumi.

Arubaini ilipopita nikampelekea Abiti Kalembo,
mtumishi wa nyumba ya pili, mtu wa Mangochi,
aanikaye nguo za watu darini.
Akaweka simu sikioni, kibanio mdomoni.
Akakitoa kibanio.
“Kiyao,” akasema. “Lakini cha zamani, cha bibi yangu.
Na huyu si mkubwa. Huyu mtoto.”
Anasema nini?
“Anasema, mama, nisubiri.
Anasema miguu inauma, nibebe.
Anasema unga umemwagika njiani, usinipige.”
Basi?
“Basi. Anarudia.”

Miaka yote ile tumemchinjia mbuzi
mtoto aliyetaka mgongo.

Abiti Kalembo akanieleza mbepesi:
kwao unga humiminwa polepole chini ya msolo
mpaka uwe kichuguu,
ukiwataja waliotangulia, nao wakufikishie kwa Mlungu.
Suri haina msolo.
Nyuma ya tangi la maji upo mkunazi,
ule ule ambao kwa majani yake tulimwosha bibi.
Mtama sikupata. Nikachukua ngano,
mfuko wa kilo mbili, bei ya ofa.
Nikamimina. Jina lake silijui.
Nikasema: wewe.
Nikasema: haukumwagika, tazama, upo.

Alfajiri ami Marhuni akarudi zamu ya kiwanda cha gesi,
akauliza nani kamwaga unga uani.
Nikamwambia sisimizi watausafisha.
Akautazama.
Akavua viatu, sijui kwa nini,
akauzunguka.