Nifungue?

Kabla ya kufungua, nauliza.
Ndivyo Bi Tausi alivyonifundisha siku yangu ya kwanza kaunta,
huku Changanyikiwa, kisogoni mwa chuo:
chupa itue mezani na kizibo chake,
mteja aiguse, aseme kama ubaridi unamtosha,
halafu niiname kidogo: "Nifungue?"
Asipoitikia, opena ibaki mfukoni.

Nilidhani ni adabu tu.
Nilidhani ni hesabu:
isiyofunguliwa hurudi kwenye friji,
iliyofunguliwa kimakosa hukatwa mshahara wangu.

Ijumaa ile bumu lilikuwa limeingia.
Viti viliisha, watu wakakalia kreti,
spika ikitetemesha mafuta kwenye karai la chipsi.
Meza ya saba, mabinti watatu wa mwaka wa kwanza,
kamba za vitambulisho bado ziko shingoni
kama watu wanaoogopa kusahau majina yao.
Atuganile aliagiza soda ya tangawizi.
Niliuliza. Akacheka:
"Dada, hata soda inaombewa ruhusa?"
Nikafungua, kizibo nikakiacha mbele yake.

Wewe unayesoma, usingoje jitu lenye pembe.
Aliyekuja alivaa shati la pasi,
Erasto, mwakilishi wa darasa,
anayetuita wahudumu kwa majina yetu,
aliyewahi kunibebea kreti mbili mvua ikininyeshea.
Mabinti wakaitwa kupiga picha kwenye taa ya getini.
Dakika mbili.
Chupa ikabaki naye.

Sikuona unga. Siwezi kuapa kwamba niliona.
Niliona mkono ukipita juu ya mdomo wa chupa
kama unaofukuza inzi,
na meza ile haikuwa na inzi.

Meza ya nne wanadai chenji yao.
Nikipiga kelele, ni neno la mhudumu wa baa
na neno la kijana mwenye shati la pasi;
unajua lipi litakaribishwa kiti.
Nikinyamaza...
Sikumaliza kufikiri. Nilipita na trei,
na kiwiko changu kikawa kipofu.

Tangawizi ikatiririka hadi kwenye sketi ya Atuganile,
ndiyo kwanza anaketi.
Alinifokea, wenzake wakanifokea,
bosi akaandika kitu kwenye daftari lake.
Erasto peke yake hakusema neno.
Alinitazama kama mtu anayesoma bei.

Nikaleta nyingine.
"Nifungue?"
Safari hii hakucheka. Labda zilikuwa hasira tu.
Nikafuta meza polepole, nikimnong'oneza:
"Ukiinuka, inuka na chupa yako.
Ukiisahau, isamehe. Soda inanunulika tena."

Kitambaa nilikitia kwenye kopo tupu la siagi.
Jumatatu nikalipeleka dawati la jinsia.
Waliandika jina langu, kabila langu,
wakauliza kwa nini nafanya kazi baa.
Kitambaa kilikuwa kimekauka.
Hadi leo sijaitwa.

Nikamsimulia Bi Tausi, nikitegemea pole,
au hata karipio.
Alikuwa anahesabu vizibo, makumi kwa makumi.
"Mimi sikuulizwa," alisema,
akarudia kuhesabu kuanzia mwanzo.

Sijui Erasto anakunywa wapi siku hizi.
Ana marafiki; walikuwa meza ya nane,
na mmoja wao, naamini, aliuona ule mkono
kabla yangu, akageuzia macho kwenye simu.
Huyo ndiye ninayemwota,
zaidi ya mwenye mkono.

Juzi wale mabinti walirudi.
Walipoitwa picha, wawili walikwenda.
Wa tatu alibaki amefunika chupa kwa viganja,
amenuna, maana naye alitaka picha.

Na Atuganile, nilipomletea ya pili,
alikigusa kizibo kwa kidole, akasubiri.
Nilikuwa nimechoka, nishaitoa opena.
"Dada," akasema, "hujaniuliza."