Mlango wa Kushoto

Saa nne, maji yakishapata jua,
nashuka bondeni Uwandani na kata yangu ya wavu,
viatu vya mpira mpaka magotini, daftari kwapani.
Hapa panaitwa Kwa Binti Nassor.
Binti Nassor mwenyewe hakuna anayemjua;
limebaki jina, na jiwe la kufulia
lililolika kama kipande cha sabuni.

Napindua jani la yungiyungi.
Huyo, kagandia,
mdogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho,
rangi ya chai kavu.
Mshike ncha juu, mdomo ukuelekee:
mlango wake uko kushoto.
Wale warefu wenye michirizi hufungua kulia;
hao nawarudisha majini.

Leo kumi na saba.
Kila mmoja na kichupa chake, nawaanika juani,
nangoja.
Kumi na sita, maji yao meupe.
Wa kumi na saba anafuka vumbi,
na lile vumbi, chini ya kioo, linaogelea,
lina mikia iliyopasuka.

Kaka yangu Mbarouk alikojoa damu ana miaka tisa.
Nyuma ya skuli wenziwe wakampigia makofi:
ushakuwa mwanamme!
Nami nikamwonea wivu,
nikachutama mgombani nikitazama yangu,
maji matupu.
Juzi daktari wa Chake katuonesha picha:
kibofu chake kimefanya gamba.

Nilikuja kazini nikimchukia huyu mdudu.
Kumbe hakuzaliwa nalo.
Tulimpa sisi, tulipokuwa tukioga na kucheka na kukojoa,
na tangu alipolipokea hatagi tena;
nyumba yake imejaa watoto wa watu.
Kiangazi, bonde likipasuka, hujizika topeni, akafunga.
Nilimchimbua siku moja, mkavu kama punje ya mpunga.
Nikamtilia maji.
Alikaa, alikaa,
akatoa pembe.

Bi Time anateremka na beseni la nguo.
Namwambia, leo usiingie, yumo mmoja.
"Mmoja tu?"
Ananitazama, anautazama mfereji wa juu,
ambao tangu Mfunguo Tatu unakoroma upepo.
"Basi nifulie wewe, mwanangu, kwa hilo daftari."

Naandika: Kwa Binti Nassor, mmoja.
Nainua kichwa,
keshapandisha kanga,
ametanguliza mguu wa kushoto
kama aingiaye chooni.