Makala ya Mama Nankafu

Kwenye fishi ya njano ya sentre ya Kadutu
kuna mstari wa uzito, mstari wa damu,
mstari wa presha, mstari wa mimba ya ngapi.
Muganga Bahizire alijaza yote, akamaliza,
kisha akaniuliza kama ninalala.
Nikamwambia: mto unalala. Mimi ninaulinda.

Hakucheka. Alitafuta mstari wa jibu hilo, hakuuona,
akaliandika pembeni, kwa penseli,
herufi ndogo kama mayai ya chawa,
akaizungushia duara tarehe ya kurudi.

Sikurudi. Mvua ilikuwa imelamba ngazi za udongo
na mimi nilikuwa na miezi minane na kuta nne.
Baba yako alikuwa Kamituga, ndani ya shimo,
akituma franga na swali moja: anacheza?
Ulicheza. Ulipiga teke saa tisa za usiku
kama mgeni anayegonga nyumba yenye watu
waliokubaliana wasifungue.

Nisamehe, Murhula.

Ukazaliwa. Wakasema: sasa furaha itakuja na maziwa.
Maziwa yalikuja.
Nilikunyonyesha nikitazama bati,
nikihesabu misumari: arobaini na mmoja,
na mmoja kati yake hauna kichwa.
Nilikuosha, nikakupaka mafuta, nikakufunga mgongoni,
nepi zako zilikuwa nyeupe kuliko za mtaa mzima,
na sikukuambia neno.
Ningesema nini? Sauti ilikuwa chini kisimani
na kamba yangu fupi.

Bibi yako alisema ni uvivu.
Jirani wa juu alisema kuna mtu amenifunga.
Mchungaji alisema ni dhambi, ndogo tu, nitubu.
Mama Nankafu hakusema ni nini.

Yeye huuza makala upande wa pili wa mbao.
Moshi wake ni wetu, kikohozi chake ni chetu.
Tangu alfajiri alipima kwa kopo la maziwa ya unga:
moja, mbili, tatu,
na matabishi kwa mwenye mimba.
Siku moja alilisukuma fundo la ubao likadondoka,
kidole kikapita tunduni, cheusi tii,
kikakugusa shavu.
"Wee Murhula! Unajua leo nimeuza makopo mangapi?"
Ukageuza kichwa.
Niliiona shingo yako ikigeuka, ile shingo nyembamba,
na kitu kikaniuma hapa. Nikashukuru.
Ganzi haiumi.

Basi akakusomesha kupitia tundu lile:
bei, mvua, nani amekopa na halipi,
matusi mawili ambayo sitayaandika.
Nami akanionyesha tena njia ya sentre,
akitangulia ngazini, kikapu kichwani,
bila kugeuka nyuma hata mara moja,
kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kulia.

Fishi ilikuwepo. Penseli haikuwa imefutika.
Bahizire alisoma pale pembeni, akavuta kiti.
Siku ile hakunipa kidonge; alinipa Jumanne.
Jumanne nyingi. Wanawake sita, watoto sita, mkeka mmoja,
na kila mmoja wetu alikuwa na idadi yake ya misumari.

Sitadanganya kwamba nilipona kama mtu anayevua koti.
Kuna asubuhi nilizokuwa nikirudi kwenye bati.

Watoto wengine huanza na mama.
Wewe ulikuwa na miezi kumi na minne,
umesimama mlangoni, mashavu yana vumbi la makala,
ukinitazama mimi, si tundu,
ukasema: mbili.

Nikangoja ng'ambo ya ubao waendelee.
Kimya. Mama Nankafu alikuwa ameshuka Nyawera.
Hapakuwa na mwingine wa kuendeleza hesabu
na wewe ulikuwa bado unangoja, mdomo wazi.

"Tatu," nikasema.

Ilitoka na kutu. Ukacheka
kana kwamba nimekutilia sukari mkononi.