Nyuzi Thelathini na Saba na Nusu

Kiangulio changu ni friji la marehemu mjomba Kisia.
Halijagandisha kitu tangu alipostaafu posta;
sasa linatunza joto.
Ndani: mayai themanini na manne ya kienyeji, balbu mbili,
feni niliyoing'oa kwenye kompyuta mbovu ya shule,
na kijidude kama punje ya mtama kwenye ncha ya waya
kinachohisi joto na kulisema.
Nje, skrubu moja ya kupanga kiwango,
nimeifunika gundi asiizungushe mtu.

Kikisema limezidi, swichi inalia ta, balbu zinazima.
Kikisema limepungua, ta, zinawaka.
Majirani hapa Chavakali wanadhani nina saa
isiyojua kuhesabu.

Mara ya kwanza nilikiweka juu, karibu na mlango,
mbali na mayai. Habari zikawa zinakifikia zimechakaa.
Balbu ziliwaka mpaka huko juu nako kukapata moto,
na huku chini mayai arobaini
yalikuwa yameshaiva. Tuliyala kwa chumvi.
Dada yangu Mmbone alicheka mpaka akashika ukuta.
Onyo la kweli likichelewa
halina tofauti na uongo.

Na kanisani, Jumapili ile spika zilipopiga yowe:
sauti ikaingia, ikatoka, ikaingia tena imenenepa,
ikajiuliza na kujijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo,
mpaka ikawa kilio kimoja kirefu, mchungaji akaziba masikio.
Waliisogeza maikrofoni nyuma, haikunyamaza.
Nilipoifungua amplifaya nyumbani nikaona
rezista ndogo, mistari ya kahawia, nyeusi, njano,
imeungua katikati. Kazi yake ilikuwa
kumega kipande cha sauti iliyokwisha kuwa kubwa,
kukirudisha mlangoni kikiwa kimegeuzwa,
kiiambie inayoingia: punguza.
Shilingi tano, dukani Mbale.
Kwa shilingi tano watu wakarudi kuomba.

Lakini usiku huu si wa mayai.
Kageha wa Mmbone amelala kando ya friji,
miaka sita, meno yanagongana.
"Anasikia baridi," anasema mama yake, anavuta blanketi la pili.
Nagusa paji la uso: ubavu wa jiko.
Kipimo cha kwapani kinasema thelathini na tisa na nusu
na bado anajikunja, anatafuta joto.
Nikadhani mtambo umekufa.
Kisha swichi ikalia nyuma yangu, nikaelewa
hakijaharibika kitu. Kuna aliyezungusha skrubu.
Damu imeonja mgeni,
na huko ndani ya fuvu, mahali pasipozidi harage,
amri imebadilishwa: kuanzia sasa, kawaida ni arobaini.
Kwa hiyo thelathini na tisa ni baridi.
Kwa hiyo misuli inasukwasukwa, ngozi inafunga milango,
na mtoto mtiifu anapanda kilima alichoonyeshwa.

Zahanati jioni ilituonyesha mistari miwili.
Dozi ya kwanza ameshaimeza, na dawa ya homa juu yake.
Tunangoja. Mmbone na blanketi,
mimi na kitambaa cha maji vuguvugu,
anafunika, nafunua, anafunika nusu,
kila mmoja akirekebisha kosa la mwenzake.
Ta, inasema swichi.
Muda mrefu.
Ta.

Saa tisa usiku fulana yake inalowa.
Jasho shingoni, jasho mgongoni,
na mwili ule ule uliokuwa ukidai moto
unamwaga maji kuuzima.
Mmbone analiondoa blanketi mwenyewe, analikunja,
analikalia, kana kwamba litatoroka.

Kunapokucha nageuza mayai,
alama ya msalaba juu, alama ya duara chini.
Kageha ameketi na kikombe cha uji wa wimbi.
Anapuliza. Anagusisha mdomo, anautoa haraka.
Anapuliza tena, safari hii kidogo.
Anagusisha.