Tango la Ahero

Fundi Moriyasu, aliyekuja kufufua pampu,
alituchorea topeni kwa kijiti:
zimwi la mtoni, kimo cha mtoto,
mgongo wa kobe, utosini kisahani cha maji.
"Liinamieni. Lina adabu, nalo litainama,
maji yamwagike, nguvu ziliishie."

Tulicheka hadi miche ya mpunga ikatuponyoka.

Alirudi kwao. Pampu ikafa tena.
Lakini Nyar Abwao, anayeapa haamini,
kila Jumatatu hutupa tango mferejini,
gandani amekwangua majina
ya wanawe wawili waliobaki.

Jana nilimfuata.
Maji yametulia kama uji uliopoa.
Akainama polepole,
kama anayemwamkia mkwe.

Nikasikia kitu kikimwagika.
Sikujua ni maji ya nani.